Mlinzi aliyeitoa seredani yetu nje: somo la baridi kutoka Jebel Shams hadi Thornton Heath

Na Mwandishi Wetu, London

Huku Thornton Heath, kusini mwa London, mwezi wa Desemba jua linazama hata saa kumi ya jioni haijafika. Tarehe 21 huzama saa 9 na dakika 53. Unakwenda kuwachukua watoto skuli mchana, unafika nyumbani ni usiku.

Jioni moja kama hiyo nipo jikoni, simu ikaanza kulia mfululizo. Lilikuwa kundi letu la familia la WhatsApp, lenye watu wa Maskati, Dubai, Unguja na sisi wa huku. Binamu zangu walikuwa wanapanga kupanda Jebel Shams mwisho wa wiki, familia tatu, watoto tisa. Kila mtu anataja atakachobeba: nyama ya mishkaki, tende, mablanketi, dele la kahawa. Halafu mmoja akaandika: "Msisahau seredani. Usiku tutaiingiza ndani ya hema watoto wapate joto."

Nikazima moto, nikaacha mchuzi ulivyo, nikapiga simu. Niliyowaambia usiku ule ndiyo ninayoyaandika hapa, maana najua si wao peke yao. Msimu huu nyumba nyingi za Ghuba zinafunga mizigo kwenda jangwani na milimani, na katika kila gari la tatu kuna gunia la mkaa.

Usiku wenyewe

Ni miaka kadhaa sasa. Tulitoka London kwa likizo ya skuli kuwatembelea wazee Maskati, tukaamua kuwapandisha watoto mlimani wakaone baridi ya Oman. Tulikuwa watu wazima wanne na watoto watatu: mimi, mume wangu, dada yangu, mama yetu, na watoto.

Kambi ilikuwa kwenye uwanda ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, si mbali na ukingo wa lile korongo la Wadi Ghul ambalo watalii hulifananisha na Grand Canyon ya Marekani. Kilele chenyewe cha Jebel Shams, kirefu kuliko vyote Oman, kinafika kama mita 3,000. Asubuhi tuliondoka Maskati watoto wamevaa fulana. Magharibi tulikuwa tunatetemeka.

Hesabu yake ni nyepesi, ila sisi watu wa pwani huisahau. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, hewa hupoa kwa kiasi cha nyuzi 6 na nusu. Usiku wa Januari Maskati ni kama nyuzi 17 au 18. Panda mita 2,000, toa 13, zinabaki 4 au 5. Ongeza upepo na mbingu isiyo na wingu, na hapo unakaribia sifuri. Iko misimu ambayo umande unaganda na theluji inaanguka kileleni.

Tulichoma mishkaki nje, tukala, tukacheka. Upepo ukazidi. Mkaa ulikuwa umeshika vizuri, mwekundu, hauna moshi hata kidogo. Tukaona ni israfu kuuacha moto mzuri namna ile uishie nje. Tukaibeba seredani ndani ya hema kubwa, tukafunga zipu mpaka chini.

Mwanzo ilikuwa raha tupu. Watoto wakavua makoti. Baada ya muda mama akasema kichwa kinamgonga. Mtoto wa dada yangu akatapika. Tukasema ni mlima, hajazoea. Tukasema ni nyama. Mimi nilihisi miguu mizito na usingizi unanivuta kama mtu aliyechoka safari. Mume wangu alikuwa keshalala. Sikuona ajabu yoyote. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo, kwamba sikuona ajabu yoyote.

Kilichotuokoa ni desturi ya mtu mmoja. Mtunza kambi, yule ambaye watu wa Ghuba humwita natur au haris, alikuwa halali kabla ya kuyazunguka mahema yote, moja baada ya moja. Akaona wekundu wa moto kupitia kitambaa cha hema letu. Akaita, hakuitikiwa. Basi akafungua zipu. Mzee wa Kiarabu, mwenye haya zake, kuingia hema lenye wanawake waliolala! Lakini aliingia. Akaishika seredani kwa shali aliyojifunga mabegani, akaitoa nje, akarudi kutuvuta mmoja mmoja.

"Tokeni! Tokeni nje! Mwanangu, amka, mshike mama yako!"

Ilikuwa kwa Kiswahili. Mchana kutwa tulikuwa tunazungumza naye Kiarabu.

Alituweka kwenye upepo na mablanketi yetu, akatukataza kulala. Kijana anayefanya naye kazi akawasha gari, tukateremshwa hospitali, tukatiwa oksijeni. Daktari hakutuficha. Alisema lau tungelala mpaka alfajiri, wengine wetu tusingeamka.

Ami na baridi yake

Siku ya tatu tulirudi kuchukua vitu vyetu na kumshukuru. Alituandalia kahawa na halwa, nasi tukakaa kitako mpaka adhuhuri. Toka siku hiyo tunamwita Ami.

Ami alizaliwa Tabora. Alirudi Oman kijana, katika miaka ya 1970, wakati Sultan Qaboos alipofungua mlango kwa Waomani waliokuwa Afrika Mashariki. Akafanya kazi mjini mpaka akastaafu. Wanawe wanamtaka akae nao Maskati, kwenye nyumba yenye kiyoyozi na wajukuu. Yeye kila ukifika mwezi wa Oktoba anapanda mlimani, na hashuki mpaka joto lirudi.

Wageni wa kambi humwona mtu wa kupokea funguo na kuonyesha choo kilipo. Kazi yenyewe ni nyingine kabisa. Maji hupandishwa kwa lori, hivyo kila tone lina hesabu. Usiku wa baridi kali huacha bomba moja linatona kidogo kidogo, maana maji yanayotembea hayagandi upesi, na bomba likiganda linapasuka, na likipasuka kambi nzima imekosa maji ya udhu na ya chai. Jenereta inataka dizeli, na dizeli inataka mtu aipime kwa kijiti kila jioni. Kamba za mahema hukazwa Asri, upepo haujaamka. Mbuzi wa wanakijiji, ambao hawamwogopi mtu, huingia jikoni wakala mkate pamoja na mfuko wake.

Halafu kuna ukingo. Korongo lile kina chake kinafika kama mita 1,000, na gizani mtu aliyetoka kutafuta mtandao wa simu haoni ardhi inapoishia. Kwa hiyo Ami huhesabu. Anajua kila hema lina watu wangapi, na hawezi kulala hesabu haijatimia.

Jambo jingine analolilinda ni miti. Juu kule kuna alalan, miti ya jamii ya mtarakwa, inayokua polepole mno. Mti wenye unene wa paja la mtu una umri mrefu kuliko babu yake. Wageni wakikosa kuni huitamani. Ami huwaletea kuni zake mwenyewe alizopandisha kutoka chini kabla hawajachukua shoka.

Siku za Alkhamisi na Ijumaa kambi hujaa. Jumapili inabaki kimya, yeye na upepo na redio. Anasema watu hudhani upweke ndiyo shida ya kazi ile. Yeye upweke ameuzoea. Shida yake ni watu wanaokuja na raha zao za mjini bila kujua wamefika mahali pengine.

Saa kumi ya usiku huamka, huwasha moto nje, hutia sufuria kubwa la maji. Wageni wanaoamka kwa sala ya alfajiri hukuta maji ya uvuguvugu ya kutawadha. Nilimuuliza nani amemwamrisha. Akacheka. "Nani aniamrishe, mwanangu? Baridi inaniamrisha."

Tanuru haliachwi peke yake

Nilitaka kujua vipi alitambua haraka vile. Akasema mkaa anaujua toka mdogo. Mashamba ya jirani zao Tabora yalipakana na pori la miombo, na wachoma mkaa walikuwa watu aliowaona kila kiangazi.

Anayejua namna mkaa unavyochomwa ataelewa kila kitu kingine. Magogo hukatwa, hupangwa yakashikana, hufunikwa majani kisha udongo. Moto unawashwa ndani, na matundu madogo yanaachwa. Kuni haziachwi ziwake, zinapikwa tu. Hewa ikiingia nyingi, magogo yote yanakuwa majivu. Ikiingia kidogo mno, moto unakufa. Kwa siku kadhaa mchana na usiku, mtu anakaa pale akiziba ufa hapa, akifungua tundu kule, akisoma rangi ya moshi. Mwanzo ni mweupe mzito, huo ni maji yanayotoka kwenye mti. Ukianza kuwa mwembamba wa buluu, kazi inakaribia kwisha. Kwa tanuru la udongo, kilo 100 za kuni hutoa kilo 10 hadi 20 za mkaa, basi. Mchomaji akisinzia usiku mmoja, jasho la wiki nzima limepotea.

Ndiyo maana, alisema Ami, mchoma mkaa hajengi mbali. Anajenga kibanda chake cha majani pale pale, na analala jicho moja. "Na hata yeye," akaongeza, "moto ule haulali naye kibanda kimoja."

Niliporudi London maneno yale yalinifuata mpaka mtaani kwetu. Thornton Heath ya leo ni maduka ya simu, saluni, misikiti, makanisa, nyumba za matofali zilizobanana. Treni ilifika hapa mwaka 1862, na mji ukaja nyuma yake. Lakini kuna barabara yetu moja inaitwa Colliers Water Lane. Nimepita pale miaka, nikidhani collier ni mchimbaji wa makaa ya mawe, kama Kiingereza cha siku hizi kinavyosema. Kumbe zamani neno lile lilikuwa la mchoma mkaa wa miti.

Juu ya vilima vya nyuma yetu, kuanzia Croydon kwenda kaskazini, ulikuwapo msitu mkubwa ulioitwa Great North Wood. Jina la Norwood, mtaa wa jirani, limetoka hapo. Ulikuwa msitu wa mialoni, na wachoma mkaa wa Croydon walijulikana London nzima kwa kuupika. Kabla makaa ya mawe hayajashika jiji, mkaa wao ndio ulioingia kwenye viwanda vya wahunzi na majiko ya matajiri. Walikuwa maarufu kiasi cha kuwekwa kwenye mchezo wa kuigiza, wenye jina la Grim, mchoma mkaa wa Croydon, uliochapwa mwaka 1662. Watu wa mjini waliwacheka kwa nyuso zao nyeusi, huku wakinunua magunia yao.

Inasimuliwa kwamba wachoma mkaa wa Uingereza walikuwa wakikaa juu ya kigoda cha mguu mmoja. Ukisinzia unaanguka, ukianguka unaamka. Niliposoma hivyo nilimwona Ami na tochi yake. Tabora, Croydon au Jebel Shams, kazi ni ile ile: watu wengine walale, mmoja asilale.

Na kuna kisa kinachosimuliwa hapa, kwamba askofu mkuu wa Canterbury, aliyekuwa na kasri lake Croydon, alichukizwa na moshi wa mchoma mkaa mmoja mpaka akamshtaki, na akashindwa. Sijui kama yule askofu alikosea sana. Ila kosa lake ni kosa letu sote. Tunagombana na moshi kwa sababu tunauona.

Moshi ulibaki msituni, sumu ikaja nyumbani

Hapa ndipo wengi wetu tunapojidanganya. Tunajua kuni zina moshi, haziingizwi ndani. Mkaa hauna moshi, basi tunauona safi. Kwa kweli mkaa hauna moshi kwa sababu moshi wake uliishia kule porini, kwenye tanuru. Kinachobaki ni kaboni karibu tupu. Kaboni ikiwaka mahali penye hewa ya kutosha hutoa hewa ile tunayopumua nje kila siku. Ikiwaka mahali palipofungwa, hutoa kaboni monoksidi kwa wingi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho, haikoholeshi.

Ndani ya mwili, damu inaipenda hewa hiyo zaidi ya mara 200 kuliko inavyoipenda oksijeni. Kila pumzi unayovuta, damu inabeba sumu na kuacha uhai. Ukiwa mlimani ni vibaya zaidi, maana kwenye mita 2,000 hewa yenyewe imekwisha kupungua kwa kiasi cha moja ya tano. Mwanzo unaanza na akiba ndogo.

Dalili zake zinafanana na uchovu wa safari. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inalegea, akili inakwenda polepole. Wengi hudhani ni mafua au chakula kibaya. Zipo alama tatu za kukuzindua: hakuna homa, wanaumwa watu wengi kwa pamoja, na ukitoka nje unapata nafuu. Watoto wadogo, wazee na mama wajawazito hudhurika upesi. Mimba hudhurika hata pale mama anapojihisi mzima.

Na wale wanaosema "tutaacha zipu wazi kidogo", hilo ndilo lililowaua wengi. Makaa yaliyofunikwa na majivu, unayodhani yamekufa, yanaendelea kutoa sumu kwa saa nyingi. Kijicho cha pale kwenye zipu hakitoshi.

Hata kile kifaa kidogo cha kubana kidole, tulichokizoea wakati wa korona, kinaweza kukudanganya. Hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba sumu hii. Kinaweza kuonyesha 98 na mtu yuko hatarini. Ndiyo maana mtu apelekwe hospitali hata kama anasema yuko sawa. Ukipumua hewa ya kawaida, damu huchukua kiasi cha saa 4 hadi 6 kuondoa nusu tu ya sumu. Ukipewa oksijeni safi, muda huo hushuka mpaka karibu saa moja au moja na nusu.

Si hema tu

Msidhani ni habari ya wapiga kambi peke yao. Nyumba zetu za huku Thornton Heath nyingi zimejengwa zamani, zina mabomba ya moshi yaliyozibwa miaka mingi, na boila ya gesi kwenye kabati la jikoni. Tangu tarehe 1 Oktoba 2022, sheria ya England inamtaka mwenye nyumba ya kupangisha aweke king'ora cha kaboni monoksidi katika kila chumba cha kuishi chenye kifaa kinachochoma gesi, mafuta au kuni, isipokuwa jiko la gesi la kupikia. Ukiwa mpangaji, ni haki yako. Muulize. Ukiwa mwenye nyumba, nunua. Bei yake ni ya chakula cha familia mkahawani.

King'ora chenyewe nacho kinataka natur. Kibonyezwe mara moja kwa mwezi. Kina tarehe ya mwisho nyuma yake, kwa kawaida baada ya miaka 7 hadi 10, na baada ya hapo kinaning'inia ukutani kama pambo. Zamani wachimba migodi wa Kiingereza walishuka chini na ndege mdogo wa manjano kwenye tundu, akianguka wanakimbia. Ndege hao waliachishwa kazi mwaka 1986. Kazi yao sasa ni ya kile kidude cha plastiki.

Na sisi tuna desturi zetu. Chetezo cha udi kwenye chumba kilichofungwa, mkaa wa shisha kwenye veranda iliyozungushiwa nailoni kwa ajili ya baridi, jiko la mkaa linaloingizwa ndani umeme ukiwa ghali. Udi haukatazwi na mtu. Fukiza, pitisha nguo, furahi, kisha makaa yatoke nje na dirisha lifunguliwe. Usilale na chetezo chumbani, hasa chumba cha mzazi na mtoto mchanga, ambako wazee wetu hupenda kufukiza siku arubaini.

Namna ya kupata joto bila moto ndani ya hema

Ami hakutuacha na makatazo matupu. Alitufundisha namna yeye anavyolala miezi sita juu ya mlima bila moto ndani.

Kwanza, baridi kubwa haitoki juu, inatoka chini. Watu hujifunika mablanketi matatu na kulalia mkeka mmoja. Geuza: tandika zaidi chini kuliko unavyojifunika. Godoro la sponji, juu yake blanketi la sufu, ndipo ulale.

Pili, badilisha nguo zote kabla ya kulala, hata soksi. Nguo ya mchana ina jasho, na jasho usiku ni barafu. Kofia ya sufu kichwani, hasa kwa watoto.

Tatu, kula kitu cha moto chenye mafuta kabla ya kulala. Uji, supu, tende na samli. Mwili ndio jiko lako la usiku.

Nne, chupa ya maji ya moto. Maji yasiwe ya kuchemka, chupa ifungwe barabara, ivikwe soksi au taulo, iwekwe miguuni. Inatoa joto mpaka karibu na alfajiri.

Tano, hema dogo lina joto kuliko kubwa. Walale watu wengi pamoja. Achia matundu ya juu ya hema wazi. Pumzi za watu zikikosa pa kutokea huwa maji, na maji hulowesha matandiko.

Sita, moto wote ubaki nje: seredani, jiko la gesi, hita ya gesi, hata jenereta. Jenereta iwe mbali na iwe upande upepo unakokwenda, moshi wake usirudi kwenu. Mkishamaliza kuchoma nyama, makaa yazimwe kwa maji au mchanga mpaka yapoe, kisha seredani ikae hatua kumi kutoka kwenye mahema.

King'ora kidogo cha betri cha kusafiri nacho ni kitu kizuri cha kubeba. Lakini kisichukuliwe kama ruhusa ya kuingiza moto.

Ikitokea mmoja analalamika kichwa na moto upo karibu, msijadiliane. Tokeni wote nje kwanza, mjuane huko. Asiyeamka avutwe. Kisha piga simu: Oman 9999, Emirates 998 kwa gari la wagonjwa, Saudia 997, Qatar na Bahrain 999, Kuwait 112. Uingereza ni 999, na ukishuku gesi au boila ya nyumbani piga 0800 111 999. Mwambieni daktari kwa kauli wazi kwamba palikuwa na mkaa au gesi mahali palipofungwa, maana asipoambiwa anaweza kutibu mafua.

Nani natur wenu?

Ami ameshuka mlimani sasa. Magoti yamekataa. Yupo Maskati na wajukuu, na akipigiwa simu majira haya swali lake la kwanza ni kule juu kumeganda au bado. Binamu zangu walipokuwa wanapanga safari yao, nilijua kambi watakayofikia hawatamkuta yeye. Labda watamkuta mtu mzuri kama yeye. Labda watamkuta kijana mgeni, amechoka, anayelala saa tatu. Labda watapiga mahema yao wenyewe mahali pasipo na mtu kabisa, kama wengi wanavyofanya.

Kwa hiyo nilipomaliza kuwahadithia, sikuwaambia wasiende. Mlima ule ni neema, na watoto wanaokulia kwenye viyoyozi wanahitaji kuona nyota. Niliwaambia wamchague mmoja wao awe natur. Akague mahema yote kabla ya kulala, ahesabu watoto, aziguse seredani kwa mkono wake kuhakikisha zimepoa, na asione haya kufungua zipu ya mtu.

Kundi likanyamaza kidogo. Kisha binamu yangu, yule yule aliyeandika habari ya seredani, akatuma ujumbe: "Dada, wamenichagua mimi. Tochi nishanunua."

Ijumaa usiku, saa sita na robo kwa saa za Oman, alituma picha moja. Mahema manne gizani, zipu zimefungwa. Mbali kidogo, juu ya jiwe, seredani tatu zimepinduliwa chini juu, zimelowa maji.

Chini ameandika: "Tisa. Nimewahesabu mara mbili."